Busu la Haki na Amani

Jumapili, 5 Oktoba
Baada ya misa Papa Séraphin, kiongozi wa kwaya, ametuonyesha fotokopi. Mchoro wa Italia, wa miaka karibu mia tano! Yeye ni mlinzi kwenye makumbusho, anaupitia kila siku. Anauita "eau-forte", yaani maji makali. Nikadhani ni pombe. Kumbe wanachora kwenye bamba la shaba, asidi inalila palipochorwa, halafu wanachapa. Ndani kuna wamama wanne, fadhila za Kikristo: Huruma, Kweli, Haki, Amani. Sikukuu ya parokia tutasimama vilevile jukwaani, bila kutikisika. Mimi, Rolande — Haki! Upanga, mizani, taji. Nimerudi nyumbani Evere kwa basi, kidevu juu.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimeangalia fotokopi vizuri. Haki na Amani wanapigana busu! La shavuni, bon, lakini busu. Na Amani ni nani? Anne-Marie, mke wa kaka yangu. Hatuongei tangu Pasaka, alipoonja sombe yangu, majani ya muhogo, mbele ya wageni akasema ni supu. Nimempigia Papa Séraphin: nibadilishe, niwe Huruma. Akasema uso wangu na Huruma haviendani.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mazoezi. Amani amebusu hewa, nusu mita kutoka kwangu. Mimi nimebusu mizani. "Haki, karibia! Hakuli!" Papa Séraphin karibu alie. Anne-Marie akamwambia — yeye, si mimi! — kwamba Haki ananuka vitunguu.

Jumapili, 19 Oktoba
Sakristia, baada ya onyesho la sikukuu. Niko hai.
Pazia limefunguka, nimesogeza shavu haraka, kama mtu anayemeza dawa — na waya za taji langu zikanasa kwenye misuko ya Anne-Marie. Nikivuta, analia. Akivuta, nalia mimi. Tumebaki hivyo wimbo mzima. Makofi! Maman mmoja ametoa machozi, eti hajaona upendo kama huo. Jukwaani tumetoka kama kaa, upande upande.
Sasa tuko kwenye benchi, shavu kwa shavu. Papa Séraphin amekwenda kutafuta makasi. Naandika juu ya goti. Anne-Marie ameuliza naandika nini. Ameniuliza mimi! Nikasema, orodha ya soko. Akacheka, kichwa changu kikatikisika, nikacheka pia, tukaumia wote wawili.
"Aïe! Usinichekeshe, belle-sœur, kichwa ni kimoja sasa," akasema wifi yangu.
Mlango unagongwa. Papa Séraphin — amepata makasi! Anne-Marie amenibana mkono: tusimjibu kwanza. Hajamaliza kunieleza kaka yangu anavyokoroma.