Hatua Koridoni

Jumatatu, 2 Juni
Nimelehemu tena waya wa spika. Kisanduku sasa kinatoa sauti tatu: mvua, mlango, hatua za mtu. Hakuna kilichorekodiwa, ni saketi tu inayodanganya. Wezi wa mtaa wetu wa Ngoingwa huja mchana, nikiwa kibandani mjini natengeneza redio za watu. Wakisikia mtu ndani watapita.
Mvua imekubali. Mlango bado unalia kama mbuzi.

Jumatano, 4 Juni
Hatua zilikuwa za haraka mno, kama za mtoto. Nikatia kapasita, kile kifaa kidogo cha kupanga mwendo wa sauti, kuukuu niliyopata kwenye droo. Sasa hatua moja inakuja kwa wakati, ya pili inachelewa. Puu. Kimya. Puu.
Nilikaa sakafuni.
Mume wangu Njoroge alitembea hivyo, tangu mashine ya kiwandani imvunje nyonga. Miaka minane nilimsikia koridoni. Miezi saba sasa yuko kaburini.
Kapasita imechoka, basi. Nina mpya. Sijaibadilisha.

Alhamisi, 5 Juni
Stima ilipotea saa kumi jioni, katikati ya hatua. Nilikuwa jikoni. Nikasubiri afike mlangoni.
Nimeandika "afike". Aibu.

Jumamosi, 7 Juni
Mama Auma, jirani aliyehamia juzi kutoka Kisumu, alinikuta kwenye kamba ya nguo.
"Mama Ciru, mbona mzee wako hatoki nje kuota jua? Namsikia tu akizunguka."
Nikasema ana homa. Akamtumia salamu, nikazipokea.
Naogopa nyumba yangu. Lakini nafungua mlango polepole, nisimshtue.

Jumapili, 8 Juni
Ciru, binti yangu, amekuja kutoka Mwiki bila kupiga simu. Hajakanyaga hapa tangu mazishi. Aliacha chuo, baba yake akamwambia asirudi kwake, kisha akafa kabla ya kulifuta neno hilo.
Nilikuwa nje naanua nguo. Kisanduku nilikiacha kikifanya kazi. Nilipoingia alikuwa amesimama koridoni, mkoba bado begani.
"Baba, ni mimi," alisema.
Puu. Kimya. Puu.
Nilikizima mbio. Nikamwonyesha saketi, spika, ile kapasita. Nilidhani atanitukana. Alikishika kisanduku kwa mikono miwili, kikiwa bado na joto.
"Umekaa naye siku zote hizi," alisema, "na mimi hukuniita."
Ni kweli. Nilimtaka awe wangu peke yangu.
Akaomba nikiwashe tena. Nikawasha. Alizungumza naye kwa muda mrefu. Nilitoka nje nisisikie.

Jumatatu, 9 Juni
Ciru mwenyewe ndiye aliyesema yatosha. Nimetia kapasita mpya asubuhi, yeye akinishikia tochi. Hatua sasa ni za mtu yeyote.
Kibanda sikufungua leo. Nimelia kidogo, si sana.
Hajarudi Mwiki. Yuko jikoni anakaanga mayai, anagombana na kifuniko cha sufuria. Nimekaa tu hapa, namsikiliza.