Remorke ya Baba

Kwako Rajabu, uliyekuwa mume wangu,

Rambirambi zako zimefika, pamoja na sukari na kile kitambaa cheupe. Sukari nimewapa watoto wa jirani. Kitambaa kilichelewa. Baba alikuwa keshazikwa siku nne, na sanda yake tuliinunua wenyewe hapa Kasongo. Nakurudishia basi. Wewe ulikuwa bingwa wa kusugua motokari ya mzungu, hutakosa kazi ya kukipa.

Uliyemtuma alinipa na maneno yako: "Rajabu anasema, muzee alikuwa baba yake pia." Nilimwomba ayarudie, nikidhani nimesikia vibaya. Akayarudia. Nikaingia ndani kutafuta karatasi.

Herufi hizi ulinifundisha wewe. Unakumbuka? Kwa kidole, juu ya vumbi la mlango wa lori, nyuma ya ghala la pamba, mwaka ule wa kwanza wa ndoa yetu. Uliandika jina langu, ukalifuta kwa kiwiko, ukasema, "Andika weye sasa." Nilikupenda sana siku ile. Nalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hadi leo linaniudhi.

Tulicheka pamoja pia, hilo siwezi kukunyima. Tulimcheka bwana wako, wakala wa pamba, ambaye mji mzima tulimwita Bwana Kidari kwa jinsi alivyotembea kifua kimetangulia nusu saa kabla ya miguu. Ile motokari yake nyekundu ya viti viwili ilipoletwa ndani ya sanduku la mbao, ulikuja nyumbani ukakaa chini kwa kicheko. Motokari yenye tumbo linalogusa majani, katika nchi ambayo hata lori hushikwa na matope hadi kwenye mlango! Wafungwa walitolewa kusawazisha njia kati ya nyumba yake na posta, naye akawa anakwenda posta na kurudi, posta na kurudi, miwani machoni na glovu mkononi, kama mtu anayewahi kitu. Barua zenyewe zilifika mara moja kwa wiki.

Halafu wewe ukaanza kuacha kucheka. Sikujua ni siku gani hasa. Nilijua tu siku nilipotafuta kitenge changu, kile alichonipa mama, nikakikuta garajini kimelowa nta. Ulisema kitambaa kingine kingekwaruza rangi. Mwanamume aliyesema hivyo kwa mke wake bila haya, ningepaswa kumwelewa siku ile ile.

Wazungu wenzake walikuwa na siku zao za kushindana mbio kule ziwani, Usumbura, na Bwana Kidari alitaka kwenda. Kwa magurudumu yake motokari isingefika hata kijiji cha Wamaza. Ikabidi ibebwe juu ya remorke, gari lisilo na injini linalofungwa nyuma ya lori. Akakwambia wewe uchague, maana yeye alijua kuchagua divai tu.

Ulichagua vizuri. Hapo sina neno. Ya kwanza ilikuwa remorke ya kiwanda cha pamba, ndefu, ipo juu mno. Ulisema motokari ikipanda itakwama tumbo kwenye ukingo, miguu ikining'inia. Ya pili ilikuwa picha katika kitabu cha duka la Ulaya, inang'aa, yenye magurudumu madogo kama sahani. Bwana Kidari aliipenda hiyo. Wewe ulimwambia kwa heshima kwamba shimo moja la Wamaza litaimeza nzima. Ukamleta kwenye karakana ya baba yangu, mhunzi wa majembe.

Nilikuwepo nikivukuta moto. Baba alikwenda kuipima motokari kwa kamba yenye mafundo, akalala chini yake mzee yule, akaigonga huku na huku kwa kidole. Aliuliza jambo moja tu: "Uzito yake iko wapi?" Ukamwonyesha injini, mbele. Akachukua ekseli ya lori bovu, akatengeneza remorke iliyoinama chini, yenye mbao mbili ndefu za kupandia na pete nne za kamba. Magurudumu aliyaweka nyuma kidogo ya katikati. Ulipomuuliza sababu, alikueleza alivyobeba mizigo kwa mti ujanani, yeye mbele na mwenzake nyuma, kwenye njia hii hii ya Kabambare. "Uzito ikae mbele," alisema. "Ukiitia nyuma, si weye utavuta remorke. Remorke itakutembeza weye." Mwisho akapiga patasi mara tatu kwenye mkono wa remorke, pale unaposhikana na lori, alama ile ile aliyoitia kwenye kila jembe lake. Ulimwita fundi wa mafundi. Ulikula kwetu siku ile, ukaramba na sahani.

Siku ya safari ikaja, na asubuhi yake nusu ya mji ilisimama mbele ya ghala. Uliipandisha motokari vizuri, pua ikielekea lori, ukaanza kufunga kamba. Bwana Kidari akatoka na glovu zake, akatazama, akasema, "Hapana. Geuza." Alitaka pua iangalie nyuma. Sote tulijua kwa nini. Kule ziwani wanawake wa kizungu wangekuwa wamesimama wakitazama, na yeye alikuwa hajui kurudi kinyumenyume. Mara ya mwisho alipojaribu aliangusha mlingoti wa bendera. Wewe ungeweza kumshushia motokari, lakini hakutaka waone mtu mweusi kwenye kiti kile. Alitaka kushuka mwenyewe, mbele kwa mbele, kifua nje.

Baba alijisogeza. Aliongea taratibu, kama mtu anayemwelekeza mtoto wa mwenzake. Motokari ilipogeuzwa aliuinua mkono wa remorke kwa vidole viwili, mbele ya wote, kuonyesha ulivyokuwa mwepesi. Bwana Kidari akasema, "Muzee, weye piga majembe." Watu wakacheka kidogo, kwa hofu. Halafu baba akakutazama wewe.

Neno moja tu lilihitajika, Rajabu. Wewe ndiye uliyekuwa dereva. Wewe ndiye uliyeigeuza motokari ile, kwa mikono yako. Ulisema, "Ndiyo, Bwana."

Jioni ya siku ya pili ulirudi ukiwa umepanda lori la chumvi, shati limechanika. Nilikupa maji. Ulinieleza yote bila kuulizwa: ule mteremko kupita Wamaza, bwana wako akisema "Mbio, mbio," mkia wa remorke ukaanza kucheza kidogo, ukazidi, ukalisukuma lori lenyewe kushoto na kulia hadi usukani haukuwa tena wako. Ulishika breki. Remorke ikalala ubavu, kamba zikakatika, motokari ikaruka ikaingia shamba la mihogo la watu ikakumbatia mchikichi. Hakufa mtu. Bwana Kidari alitoka kwenye lori akakaa katikati ya mihogo akalia, na mwenye shamba, mama mmoja wa kabila la Wabangubangu, akamletea kigoda akidhani amefiwa. Hapo tulicheka tena, mimi na wewe, mara ya mwisho maishani mwetu. Kisha ukanishika mkono ukasema, "Baba yako alisema kweli." Maneno hayo yalitoka kinywani mwako. Niliyasikia kwa masikio haya.

Jumatatu mkaitwa, wewe, bwana wako na baba, kwenye ofisi ya serikali ya teritwari. Nilisimama nje, chini ya dirisha, pamoja na wake wa mapolisi. Bwana Kidari alisema chuma cha yule mzee kilikuwa kibovu, kilivunjika njiani. Msimamizi wa teritwari akakuuliza wewe, shofere, ulionaje.

"Chuma ilivunjika, Bwana."

Nilisubiri uongeze kitu. Ukakohoa tu.

Baba aliuliza swali moja: "Ilivunjika wapi?" Msimamizi akamwambia anyamaze. Hakuna aliyetumwa kwenda kuangalia, ingawa remorke ilikuwa bado imelala kando ya njia, na mtu mwenye macho angemaliza shauri lote kabla ya chakula cha mchana. Baba akafungwa miezi miwili buloko. Alifyeka nyasi kuzunguka nyumba ya msimamizi, kiunoni kamba, mbele ya watu waliolima kwa majembe yake. Wewe ukapewa kofia mpya.

Usiku wa Jumatatu ile hukulala kwangu, na wiki ile ile nilidai talaka yangu mbele ya wazee wa msikiti. Ulisema kwamba ungesema kweli ungepoteza kazi. Mzee mmoja akakuuliza, "Na mkweo amepoteza nini?" Ukatazama viatu vyako. Vilikuwa viatu vizuri, navyo alikupa bwana wako.

Sasa nikueleze jinsi baba yako huyo, kama unavyomwita, alivyoishi miaka mitatu hii. Alipotoka buloko alifungua karakana, akawasha moto, akangoja. Wanawake wa soko walipita na majembe yaliyokatika wakayapeleka ng'ambo ya mto wa pili kwa fundi asiyejua hata kunoa. "Chuma ya Saleh inavunjika," walisema, na waliolisema kwa sauti kubwa ni wale ambao majembe yao ya Saleh yalikuwa yamedumu tangu walipoolewa. Mwaka wa pili aliacha kununua makaa. Nyundo alizipaka mafuta kila Ijumaa, akazirudisha mahali pake.

Nilitaka kwenda kwa msimamizi mpya. Nilitaka kuja huko Kabambare unakoishi sasa, kukuvuta masikio barabarani. Alikataa yote. Maana unajua remorke ile ilikwendaje. Mwenye duka mmoja hapa mjini aliikuta kando ya njia, akaisimamisha kwa watu sita, akanyoosha bati moja la juu ya gurudumu. Hakuchomelea kitu. Hakubadili hata msumari. Tangu siku hiyo inafungwa nyuma ya lori lake, inapeleka chumvi na vitambaa Kabambare, inarudi na mchele, mvua na jua. Kila ilipopita, baba alitoka akasimama kando ya njia, akasikiliza magurudumu, akarudi ndani. Nilimuuliza kwa nini hasemi. "Iache itembee," alisema. "Itasema yenyewe." Mwezi uliopita alisimama pale kwa mara ya mwisho, akiegemea bega langu.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga. Yako imekuwa ndefu kiasi: umeoa tena, nasikia unaendesha gari la duka, watu wanakuita Bwana Shofere. Bwana Kidari amerudi kwao na hata jina lako nadhani hakulibeba. Uliuza jina la mzee kwa mtu ambaye hakukumbuka hata kuaga. Ungemwogopa kwa sababu ana bunduki, ningekuelewa. Ungeogopa buloko, ningekuletea chakula huko kila siku na kujivuna njiani. Lakini wewe uliogopa kuvuliwa kofia.

Dereva wa mwenye duka ananiambia remorke ikipita mbele ya nyumba yako huwa unaingia ndani. Leo haipiti. Nimemwomba asimame mlangoni pako na kuzima injini. Barua hii sikuifunga. Amesoma yeye, wamesoma watu wa Wamaza alipopumzika, na wa Kabambare watasoma pia akimaliza kukusomea, kwa sababu uongo wako nao ulipita njia hii hii bila kufungwa. Imekuja kwako juu ya mzigo wa chumvi, juu ya remorke ya baba.

Sikuombei mabaya. Sikuombei chochote. Nataka utoke nje sasa hivi, mbele ya mke wako na majirani, uupapase mkono wa remorke hadi kidole chako kiguse zile alama tatu, uende hadi kwenye ekseli, uzunguke yote. Kisha umjibu dereva, kwa sauti, lile swali ambalo baba alikuuliza na hajajibiwa hadi amelala kaburini.

Ilivunjika wapi?

Aliyekuwa mke wako,
na bado binti wa Fundi Saleh