Vitu Vilivyokaa Mahali Pangu

Morogoro,
Jumapili, baada ya misa ya kwanza.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea shikamoo mbili, ya leo na ya Jumapili iliyopita, siku niliyokaa na kalamu mkononi nikashindwa kuandika hata jina lako. Mguu unaendeleaje? Kidonda kimefunga au bado unakifunika na kitambaa? Na mpunga wa Usevya mmeshauleta nyumbani, au bado uko kwa mjomba? Mimi ni mzima. Kikohozi cha vumbi la pamba kimepungua tangu nihamishiwe stoo, na kazi bado ipo, ingawa kila wiki tunasikia kiwanda kitauzwa.

Sabina, wewe unayemsomea Mama, soma polepole. Ukifika mahali panapokusema usiruke. Nikija nitamuuliza.

Barua yenu niliipata Jumatatu iliyotangulia Jumapili hiyo, nikaisoma nimekaa juu ya marobota ya vitambaa. Sabina ameandika kwamba Jumamosi moja asubuhi ulitoa vitu vyote vya sebuleni, ukavipanga uani juu ya mikeka, ukawaambia majirani kila mtu achukue kinachomfaa. Chupa za chai saba. Glasi seti mbili. Stuli zote nne. Mabeseni yenye maua. Vitambaa vya makochi nilivyofuma mwenyewe miezi mitatu. Hata kabati la vyombo limekwenda kwa Mama Masanja, yule jirani Msukuma, anaweka vibuyu vya maziwa. Sabina anasema Mama Masanja alisimama mlangoni akauliza, "Mnahama, mama?" nawe ukamjibu, "Hatuhami. Tunatafuta pa kukaa."

Mama, nisikufiche, nilikasirika. Unajua tabia yangu ya kuandika daftari kila siku kabla sijalala. Jumatatu ile niliandika mstari mmoja tu: "Vitu vyangu vimegawiwa kama vya marehemu." Siku mbili sikula vizuri. Jirani yangu wa chumba cha pili, Mama Zuhura, alinisalimia mara tatu bombani ndipo nikaitika. Akaniambia, "Leokadia, kama umefiwa sema tulie wote, kama hujafiwa sogeza ndoo yako."

Jumatano nikaisoma barua upya. Kumbe ukurasa wa tatu sikuufikia kwa sababu ya hasira. Huko ndiko Sabina alikoficha habari yenyewe, na hapo ndipo ninapomlaumu, maana ameandika vitu kwanza na macho yako mwisho. Nikajua kwamba jicho la kulia limefunga ukungu tangu Pasaka, na la kushoto limeanza. Kwamba ulikuwa unatembea sebuleni kwa kupapasa, ukajikwaa kwenye stuli, glasi zikaanguka, na kipande ndicho kilichokukata mguu. Sabina akataka vitu visogezwe ukutani, ukakataa. Ukasema, "Mkivisogeza leo, kesho mtavirudisha. Toa." Halafu ukasema neno lingine, ameliandika kama ulivyolisema: "Vitu alivyoleta navijua vyote kwa mikono. Yeye mwenyewe sijamshika mwaka wa sita huu."

Niliikunja karatasi nikairudisha kwenye bahasha. Lakini hasira, Mama, haiondoki kwa siku moja. Nikasema nitatafuta kwenye madaftari yangu lini nilituma kila kitu, nikuandikie orodha ndefu, usikie aibu. Ndivyo nilivyokusudia, usinichukie. Nikashusha madaftari yote, nikakaa chini, nikaanza na la zamani.

Chupa mbili za kwanza nilizipata haraka. Juu yake nilikuwa nimeandika: "Likizo imekubaliwa. Mizigo bado haijatosha. Nitakwenda mwakani." Nikafunua mbele. Glasi: "Nimeahirisha, sina cha maana cha kushuka nacho." Stuli na kabati, zile zilizokuja na behewa la mizigo hadi shemeji Oskar, mume wa Sabina, akafanya safari mbili za mkokoteni kutoka stesheni: "Oktoba siendi, Desemba huenda." Desemba yenyewe nimeandika mabeseni. Nilikwenda hivyo hadi daftari la mwisho. Kila kitu nilichotuma kiko kwenye ukurasa ule ule nilioandika kuahirisha safari. Hakuna hata kimoja kilichokosa. Orodha nikaiacha.

Najua ilikoanzia. Krismasi ya mwaka tisini niliposhuka Mpanda na begi moja, shangazi alichungulia nyuma yangu ndani ya behewa akauliza, "Mizigo mingine inashushwa wapi?" Nikamwambia ni begi hili tu. Akasema, "Basi hiyo Morogoro ina dhiki kuliko Usevya." Stesheni nzima ikacheka. Wewe pia ulicheka kidogo, Mama. Sikulaumu, shangazi anachekesha hata msibani. Ila mimi nililiweka moyoni, nikasema sitashuka tena pale mpaka watu wachoke kupokea.

Sasa nikueleze chumba changu, maana hujakiona. Nina kitanda cha futi tatu, sufuria moja, sahani mbili na jiko la mkaa. Ukuta wote wa pili, kutoka sakafuni hadi karibu na bati, ni maboksi ya kwenda nyumbani: mapazia, mashuka, sufuria za kupangana, chupa ya chai ya nane. Mama Zuhura husema, "Chumba chako kina wapangaji, wewe ni mgeni wao." Miaka yote hii nimekuwa nikijipenyeza ubavuni mwa maboksi yale kama mtu anayepita kati ya ng'ombe.

Jana nimeyafungua yote. Nimeyapanga barazani, nikaita wapangaji wenzangu. Mama Zuhura alikuja wa kwanza, akashika mashuka, akanitazama usoni.

"Kuna nini? Umeokoka?"

"Nimepata likizo."

"Mtu akipata likizo anagawa mashuka?"

"Naenda kwetu. Nakwenda na begi."

Akakunja mashuka. Halafu akasema, "Na hiyo redio kaseti?"

"Redio acha."

"Aa. Basi bado hujaokoka."

Tulicheka hadi mwenye nyumba akatoka kutazama. Kufika saa kumi baraza lilikuwa tupu. Nimefagia mahali palipokaa maboksi, nimekuta kibanio changu cha nywele nilichodhani kimeibwa. Nikakaa sakafuni pale, pametosha mtu kunyoosha miguu. Nikajaribu kukumbuka nyumbani. Niliona mlango wa uani uko wazi, jua limeingia hadi katikati ya sebule, wewe umekaa juu ya mkeka unachagua mawe kwenye mchele wa ungo, unaimba wimbo wa kanisani na kuusahau katikati kama kawaida yako, unaanza upya. Nilisikia honi ya treni kwa mbali na wewe ukasema, "Imechelewa leo." Nilikutazama muda mrefu sana, Mama. Wewe hukuinua uso.

Hicho ndicho ninachoogopa. Kwamba nitafika nikutazame, nawe usinione. Nimehesabu siku tangu Pasaka ile hadi leo, na kila jioni nahesabu tena kana kwamba zitapungua. Sabina, kila asubuhi mpeleke Mama mlangoni kwenye mwanga, mwonyeshe vidole, akwambie ni vingapi. Usimsaidie kujibu.

Likizo imesainiwa. Naondoka Ijumaa hii, nabadilisha treni Tabora, na mambo yakienda vizuri nitakuwa Mpanda Jumapili ijayo. Barua hii naipeleka leo stesheni kwa kijana wa kwetu anayefanya kazi kwenye treni, ataifikisha kwa mkono kabla yangu. Nikifika tutakwenda pamoja hospitali, tuwaulize vizuri kama macho haya yanaweza kupasuliwa, na wapi. Sitaki kusikia tena kwenye ukurasa wa tatu.

Nisikudanganye kwamba nimepona. Leo natoka kanisani nimepita dukani, nikaona seti ya vikombe vyenye mstari wa dhahabu, na mkono ukanyooka wenyewe. Nilivishika. Nikamuuliza muuzaji kama vinavunjika kirahisi, akasema vikombe vyote vinavunjika, dada. Nikavirudisha.

Nisalimie mjomba wa Usevya, mwambie nautamani ule mchele wake mpya, tena nautaka ukiwa umepikwa na Mama. Msalimie Mama Masanja, na kabati asirudishe, limepata kazi. Msalimie katekista wetu, jirani wa nyuma, aniombee treni isikwame njiani. Shangazi msalimieni sana, na mwambieni siku nitakayofika, nataka awepo stesheni. Aje achungulie.

Shemeji Oskar mwambieni aje na mkokoteni wake kama siku zote, hata kama kuna kazi sokoni Kashaulili. Atauliza mzigo gani, maana nimeandika nakuja na begi. Basi atandike mkeka juu ya mkokoteni, akupakie wewe, Mama, akusukume taratibu kutoka nyumbani Nsemulwa hadi stesheni, akuweke mahali penye jua. Mimi nitashuka mchana, na nitakuja kusimama mbele yako, karibu, upande wa jicho la kushoto.

Ni mimi mwanao,
Leokadia