Mgongo Wako Mbele Yangu

Yusta,

Barua huanza kwa kujuliana hali. Nimeandika "hujambo" mara mbili, na mara mbili nimeifuta. Basi nianze na hali yangu mimi. Nimerudi, Yusta. Nilikwenda kwenye yale mashindano, nikapiga kasia, nikarudi. Sasa nimekaa juu ya mawe hapa kando ya ziwa letu la Singidani, upande wetu wa Mwankoko, na hakuna mtu mwingine ninayetaka kumsimulia.

Watu wananipa pole, wanadhani wanajua. Hawajui. Wewe na mimi kwenye maji tulikuwa hatutazamani. Miaka yote ile katika kayaki ya watu wawili wewe ulikaa mbele, mimi nyuma. Uso wako niliuona shuleni, kama kila mtu. Mgongo ulikuwa wangu peke yangu. Nilijua bega la kushoto linavyoanza kushuka ukiwa umechoka. Nilijua chumvi ya ziwa inavyokukaukia shingoni ikawa nyeupe kama unga. Nikianza kubabaika ulikuwa hugeuki, unasema tu, "Fuata mgongo, Rehema, usifuate maji."

Siku Kocha Elia alipotuambia tumechaguliwa, tunakwenda nchi za watu kushindana na vijana wa mataifa mengine, mimi nilikaa chini kama nilivyo. Wewe ulicheka mpaka ukakohoa. Kisha ukasema lazima bibi yako wa Ilongero aambiwe kwa mdomo, maana mambo ya simu yeye hayaamini. Jumamosi ukapanda bodaboda. Bibi alifurahi, akakupa kuku. Mkiwa njiani kurudi, lori la alizeti likawapita kwenye kona, vumbi likatanda, na ile bodaboda ikaacha barabara na

Hapa siwezi, Yusta. Hapa naruka.

Dereva alivunjika mguu, amepona. Wewe ulikuwa umekwisha kwenda kabla hawajakufikisha mjini. Na kuku alikuwa mzima. Walimleta nyumbani kwenu, miguu imefungwa kamba, macho yanazunguka. Sijui kwa nini hilo liliniuma kuliko hata jeneza. Mama yako alikataa asichinjwe msibani. Mpaka leo anatembea pale uani, ana vifaranga.

Baada ya mazishi sikushuka tena majini. Kocha alisema hatanilazimisha, kama nataka majina yetu yafutwe, atayafuta. Nikamwambia afute. Nilikuwa namaanisha. Kisha jioni moja, arobaini yako ikiwa imeshapita, mama yako akaja kwetu. Mama yangu alimwekea kiti, hakukaa. Alinishika mkono, akasema, "Rehema, chombo chenu hicho mimi sikijui, na maji nayaogopa. Lakini mwenzako alikwenda Ilongero kumwambia bibi yake kwamba mnakwenda. Nenda, mwanangu. Usimfanye marehemu akawa mwongo."

Mama yangu akaangua kilio. Mimi nikatoka kumtafuta kocha, nimwombe arudishe jina langu.

Akaletwa msichana wa Mwanza anaitwa Ester, mrefu, ana mikono ya kazi. Kocha akaniuliza nitakaa wapi. Nikasema mbele. Alishangaa, anajua sijawahi. Lakini ningekaaje nyuma, Yusta, nitazame mgongo wa mtu mwingine? Siku ya kwanza tulipinduka. Siku ya pili tukapinduka tena. Ester anatema maji ya chumvi, anasema, "Haya, tena." Nilimchukia kidogo. Baadaye nikaona siwezi kuendelea kumchukia, hana kosa lolote.

Kule tulikokwenda maji ni ya baridi mno, na hayana chumvi. Niliyaonja. Hakuna jiwe hata moja, ziwa lao limenyooka kama mfereji, kila chombo kina njia yake iliyowekewa maboya. Tulipojipanga kwenye mstari, mbele yangu hapakuwa na kitu. Maji matupu. Nilitafuta pa kuweka macho nikakosa. King'ora kilipolia nikapiga kasia kama mtu anayefukuzwa. Na tuliongoza, Yusta! Kwa muda mfupi wote walikuwa nyuma ya bega langu. Lakini ile haikuwa mbio, ilikuwa kukimbia. Tulipofika katikati mikono ikawa mizito, pumzi ikakatika. Ester akaanza kuniita kutoka nyuma, "Taratibu, nipo! Taratibu, mwenzangu, nipo!" Nikapunguza. Tukapata mwendo wetu wenzetu wakiwa wameshatupita. Tulikuwa wa pili kutoka mwisho. Fainali hatukuingia.

Nililia palepale juu ya maji, nimelala kwenye kasia. Nikahisi mkono mgongoni. Ni Ester. Mimi niliyekaa nyuma siku zote nilikuwa sijawahi kushikwa mgongo ndani ya chombo, sikujua kunavyotuliza. Ningejua, ningekushika wako, hata mara moja tu, tukiwa tumechoka.

Niliporudi nilikwenda kwanza Ilongero. Bibi alikuwa anapepeta mtama. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea na ungo wake. Halafu akauliza, "Mlikwenda?"

"Tulikwenda, Bibi."

"Mlishinda?"

"Hatukushinda."

Akaweka ungo chini. "Lakini mlikwenda," akasema, akanifuta uso kwa ncha ya khanga yake, vumbi la mtama likaniingia machoni, tukapata wote sababu ya kufikicha macho.

Basi, rafiki yangu. Jua limeanza kuchoma na karatasi inaloa mikononi. Medali siwezi kukuahidi, sijui kama nitaipata siku yoyote. Ninachokuahidi ni hiki. Tangu tukuzike mama yako haendi kanisani, anasema njia imekuwa ndefu. Jumapili nitampitia. Mimi misa yenu siijui, nitakaa nje kwenye ngazi nimsubiri mpaka itoke, kisha nimrudishe. Na Jumapili ya pili yake, na nyingine. Tutakwenda polepole, kwa mwendo wake yeye.

Kwaheri, Yusta. Mungu akulaze pema.

Mwenzako,
Rehema