Vidonge vya Masudi

Mji wa Ibra. Jumatatu, 23 Septemba 1974

Mawe tena. Asubuhi tunajenga ukuta wa zahanati, alasiri naosha chupa za dawa. Kutoka mji huu wa Waarabu mpaka mchanga wa jangwani daktari ni mmoja. Anapima wagonjwa, anakoroga dawa mwenyewe, anafunga vizibo mwenyewe. Kazaliwa Unguja kama mimi, basi ananihesabu mtu wa nyumbani. Maana yake kazi mbili.

Masudi, kibarua mwenzangu ninayelala naye chumba kimoja, ana kichomi na homa kali. Daktari kampa vidonge vya salfa. Ameze kila baada ya saa sita, mchana na usiku, kwa maji mengi. Mwezi wa mfungo umeingia, lakini saumu aiache mpaka apone.

Jumanne, 24 Septemba

Salum msimamizi kamkuta Masudi na kata ya maji mkononi. Kasema mbele ya vibarua wote, "Nyinyi Wazinjibari, saumu mmeiacha bandarini?" Wakacheka. Masudi akayamwaga maji.

Nilitaka kumpiga Salum kwa jiwe. Sikumpiga. Najuta.

Alhamisi, 26 Septemba

Masudi anameza vidonge vya siku nzima kwa mara moja, wakati wa futari. Mchana hanywi hata tone. Nimemwambia ni mjinga. Kanijibu kwamba babu yake kazaliwa mji huu huu, na bado tunaitwa wageni. Hatawapa neno jengine la kusema.

Joto la kukaanga samaki. Mdomo wake umepasuka.

Jumamosi, 28 Septemba

Masudi kakojoa damu. Baadaye hata mkojo ukakatika.

Daktari kaurusha mchi ukutani. Kasema salfa bila maji inaziba figo, na akiendelea hivi atakufa. Kamwamuru anywe palepale. Masudi kafumba mdomo. Halafu, kwa adabu zake zote, kamwambia Daktari kwamba yeye anajua miili tu.

Daktari anavaa suruali. Kazaliwa Unguja. Nani hapa atalitaka neno lake la dini? Nawachukia wote leo. Masudi pia.

Jumapili, 29 Septemba

Nimeacha kazi bila ruhusa, nikaenda msikitini kwa imamu, Sheikh Nasor. Kiarabu changu kibovu, lakini hasira ilinisaidia. Nikamwambia kuna mtu anakufa kwa kuogopa kuchekwa, na akifa aje amwoshe yeye mwenyewe.

Kaniangalia sana. Kisha kavaa makubadhi.

Jua la adhuhuri. Hakupita mitendeni kwenye kivuli. Kapita katikati ya vibarua, kachota maji kwenye mtungi wao wa kutawadhia, kaibeba kata mbele ya macho yao. Vicheko hakuna. Salum kasimama kama mti.

Chumbani Sheikh kamkalisha Masudi, kamshika kisogo.

"Kunywa, mwanangu. Leo ukifunga unamuasi Mungu."

Masudi kanywa. Akalia huku anakunywa. Maji yakamwagika kwenye kanzu ya Sheikh, naye hakuyapangusa. Kaenda kuchota mengine.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mkojo umerudi tangu juzi. Daktari kambadilishia dawa. Salum hajaomba radhi, nami sijamsamehe.

Masudi kaamka na njaa. Adhuhuri nimempikia uji wa mtama. Harufu yake imefika mpaka njiani, watu wanapita. Nimeuacha mlango wazi.