Panya Aliyeingia Kwenye Arobaini Yako

Bibi,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini wewe ndiye uliyenichapa kwa kumpita mtu mzima bila salamu, na sidhani kama kufa kwako kunanipa ruhusa ya kuanza leo.

Sikukuwahi. Nilifika nyumbani Ngarenaro siku mbili baada ya wewe kuzikwa, nikaomba kazini waniruhusu nibaki mpaka arobaini. Mkuu wangu wa maabara alinipa pole, kisha akauliza panya watalishwa na nani.

Wale panya, Bibi. Nakumbuka siku nilipokupigia simu kukwambia nimepata kazi huko ughaibuni. Ukauliza kazi gani, nikasema natunza panya. Ukaniambia nirudie, nikarudia. Kisha: "Zuhura, tumekusomesha miaka yote hiyo ukafuge panya? Si ungebaki tu, hapa wapo tele." Ni kweli walikuwepo. Tangu biashara zifunguliwe na bidhaa za nje zianze kuingia, ulinunua sumu ya kila nchi inayotengeneza sumu, na panya wa duka lako la mchele wakazidi kunenepa. Majirani ukawaambia mimi ni daktari wa mifugo.

Lakini nilipokueleza kuwa ni kwa ajili ya mambo kama ya Hamisi, hukucheka tena. Mdogo wangu hajawahi kutamka neno, hamtazami mtu usoni, na akiachwa na amani yake hupanga vizibo vya soda ukutani kwa rangi kutwa nzima. Daktari alisema ni usonji. Nikakwambia wataalamu huchukua panya wakambadilisha chembe moja ya urithi, ile waliyoikuta imebadilika kwa baadhi ya watu wenye usonji, kisha sisi tunaangalia anavyoishi na ubongo wake unavyofanya kazi. Panya wa kawaida akiwekewa mgeni hukimbilia kumnusa. Baadhi ya hawa wetu hubaki pembeni, wanajisafisha manyoya tu.

Ukauliza, "Na dawa?"

Nikajibu, "Iko karibu, Bibi."

Haikuwa karibu. Wala sijui kama ni dawa tunayotafuta, au ni kuelewa tu. Nilisema hivyo kwa sababu sauti yako ilikuwa imechoka. Nisamehe.

Sasa nikupe habari ya arobaini yako. Dua ilisomwa vizuri, pilau ilitosha. Watu walipokwisha kunawa, ba'mdogo Shabani akasimama akatangaza kwamba Hamisi anapelekwa Babati kwa mzee mmoja anayefungua ndimi, na atakaa huko mpaka aseme. Shangazi Mwanaidi, ambaye Hamisi analala kwake tangu uondoke, akasema haendi mtu. Unamjua mwanao Shabani akipingwa na dada yake. Wakanigeukia mimi: msomi aseme.

Nikasema, Bibi. Nilitoa somo zuri mpaka wapishi wakaacha masufuria. Nilipomaliza, ba'mdogo akakohoa.

"Kwa hiyo unasema Hamisi ni panya."

"Hapana, ba'mdogo. Hamisi ni mtu. Panya ni panya."

"Sasa panya asiyesalimia wenzake anatuhusu nini? Hata wa hapa hawajanisalimia."

Ukumbi mzima ukacheka, kisha ukaanza kubishana. Mmoja anataka kujua kama panya hao wanaliwa, mwingine anasema kuchezea kazi ya Mungu ni dhambi, shangazi analia, ba'mdogo anazidi kupaza sauti. Hamisi alikuwa kwenye kona, ameziba masikio, anayumba mbele na nyuma.

Ndipo panya akatoka nyuma ya gunia la mchele. Mnene, wa kwako kabisa. Wanawake wakapanda mabenchi. Ba'mdogo akapanda kinu kilichopinduliwa, kanzu ameikunja mpaka magotini. Mtu akapiga yowe, "Mwiteni mtaalamu!"

Mtaalamu alikuwa juu ya meza, Bibi. Panya wangu ni weupe, wapole, wana namba masikioni. Huyu hakuwa na namba.

Nikiwa huko juu nikamwona Hamisi anavyotetemeka, nikaona aibu. Kazini tunatembea kwa kunyata. Mlango ukibamizwa tu, panya wanashtuka na kazi ya siku nzima inaharibika. Tunawaheshimu panya kiasi hicho, na ndugu yangu namtolea hotuba kwenye makelele!

"Nyamazeni!" nikapiga kelele. "Mnamuumiza!"

"Nani, panya?" akauliza ba'mdogo.

"Hamisi!"

Wakanyamaza. Nyumba yako, Bibi, kimya. Nilisikia kuku wa jirani akitembea. Hamisi akashusha mikono polepole. Akainuka, akachukua bakuli, akachuchumaa karibu na gunia, akangoja bila haraka yoyote. Panya alipotulia akamfunika. Akapenyeza sinia chini yake, akatoka naye mpaka mferejini, akarudi, akanawa, akala pilau.

Hakuna aliyethubutu kushuka. Ba'mdogo akaninong'oneza kutoka kwenye kinu, "Kwa hiyo akipata utulivu, anatulia."

"Ndiyo, ba'mdogo."

Akafikiri. "Basi Babati asiende. Yule mzee anatumia ngoma." Kisha akaomba ashikwe mkono ateremke.

Hamisi yuko kwa shangazi, na atabaki. Redio imehamishiwa chumba cha nyuma. Mafundi wa kuchomelea mageti, pale mkabala na kwake, siku hizi hupiga hodi kabla hawajawasha mashine, ili Hamisi aingie ndani kwanza. Sikuwaomba. Habari ya kinu imetembea mtaa mzima.

Jana nilimkuta amekaa mlangoni pa chumba chako, anatazama kitanda. Nikakaa naye. Hakulia. Mimi nili... basi, Bibi, unanijua.

Kesho naondoka. Lala salama, Mungu akupanulie kaburi. Nakuahidi Ramadhani nitakuwa hapa, na futari ya Hamisi nitaipika kwa mkono wangu. Najua unacheka, upishi wangu unaujua. Cheka tu. Yeye atakula, na hatamsimulia mtu.

Mjukuu wako,
Zuhura