Mwanagenzi kwenye Kiti cha Rowan

Jumatatu, 13 Januari 2025
Tranter, mhasibu wetu, kaja kalowa chapachapa na habari mbaya. Aprili mchango wa bima ya taifa unapanda — ule tunaoilipa serikali sisi waajiri kwa kila mfanyakazi. "Beryl, chukua mwanagenzi. Akiwa chini ya miaka ishirini na mitano, mchango huo kwake hulipi. Na kiti unacho."

Kiti ninacho! Cha mwanangu Rowan. Tangu aende Kanada hakuna aliyekikalia. Nimemwambia Tranter amalize chai yake aende.

Jumatatu, 3 Februari
Nimekubali. Karakana hii ya matandiko ya farasi aliniachia marehemu mume wangu Clive, na mafundi wananitegemea — ningefanyaje? Binti anaitwa Harleen Bhogal, miaka ishirini na mmoja. Kakaa kitini kwa Rowan bila hata kuuliza. Nikatoka nje, nikasingizia simu.

Alhamisi, 13 Machi
Harleen kashona ukanda mzima kwa sindano mbili, mishono imelala sawasawa. Des, fundi wetu mkongwe, akamtania: "We mtoto, unataka nistaafu kwa nguvu?"

"Babu, wewe ulishastaafu. Hakuna aliyekuambia tu."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Mara ya mwisho tulicheka hivyo lini? Mchana Harleen kanigawia chapati za viazi za mama yake. Ulimi ukateleza, nikamwita Rowan. Akaitika!

Jumapili, 6 Aprili
Rowan kapiga simu. Anarudi! Kazi ya kule imekwisha, ndoa nayo imekwisha. "Mama, nafasi yangu bado ipo?"

Nikasema ipo. Ilinitoka tu. Miaka yote hii nimeyangoja maneno hayo — ningesema nini kingine?

Jumanne, 8 Aprili
Tranter hakunizungusha. Rowan ana miaka thelathini na mmoja: kwake nitalipa mchango kamili, na mshahara wa fundi juu yake. Wote wawili karakana haiwabebi. "Serikali haiangalii nani katoka tumboni mwako, Beryl. Inaangalia umri."

Nikauliza, je, Harleen nikimwachisha? Akasema mafunzo yake hayajafika hata nusu. Akitoka sasa, anatoka mikono mitupu.

Sijamwambia. Wala Rowan sijamwambia.

Jumamosi, 26 Aprili
Amefika! Nimemkumbatia pale uwanja wa ndege mpaka watu wakatuzunguka kupita. Kanenepa. Ana ndevu. Kila nikiuliza kitu: "Tutaona, mama." Nimempikia nyama na viazi vya kuoka. Kaonja tu, akapanda kulala.

Nikabaki jikoni na sahani yake. Yuko chumba cha juu, mwanangu, na bado namkumbuka. Namkumbuka vile vile kama alipokuwa Kanada. Kwa nini?

Jumatatu, 28 Aprili
Nilipanga kuongea nao mmoja mmoja, taratibu. Rowan kanitangulia kushuka karakanani. Naandika nikiwa na kiatu kimoja mguuni. Mlango wa karakana huo — Harleen, kawahi kama kawaida yake.

"Samahani, kaka. Hicho kiti changu."

Rowan anacheka, si kwa ubaya. "Chako? Nani kakuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Mimi ndiye ninayekikalia."

Kisha ngazini, sauti mbili kwa pamoja:

"Mama!"

"Bi Beryl!"

Nakuja, nimewajibu. Bado sijainuka.